Ndege za Makokha, Kilima cha Riat

Ninyi mnaokaa sasa kwenye benchi langu mliniomba niandike jinsi ya kutafuta ugonjwa ndani ya redio za zamani. Mna haki, maana wazee wa Awasi bado wanazileta zikiwa zimefungwa kwa leso, nanyi mnazitazama kama mtu aliyeokota mfupa wa mnyama asiyemjua. Hayo nitayaandika. Lakini kila nikishika kalamu mkono unakwenda kwa Makokha, na nimeona afadhali niuache uende. Redio zimesubiri miaka mingi, zitasubiri kidogo tena.

Nilianza kazi kwa Bwana Velji mwaka mmoja kabla ya uhuru. Duka lake lilikuwa kwenye barabara inayoteremka bandarini, mlango mwembamba, ndani refu kama behewa. Siku ya kwanza sikuruhusiwa kugusa hata bisibisi. Aliwasha redio kubwa ya mbao iliyokuwa ikikoroma, akanisogezea kigoda, akasema, "Sikia."

Nikasikia. Akahudumia wateja, akanywa chai, akarudi.

"Anaumwa nini?"

"Redio ni mbovu, Bwana."

"Hiyo hata mwenyewe anajua. Ndiyo sababu ameleta."

Akaniacha hapo hadi jioni. Nilipotoka nilikuwa nimeanza kutofautisha mkoromo wa umeme usiosafishwa na mkwaruzo wa waya ulioachia. Fundi anayefungua kabla ya kusikia, alinifundisha Velji, huongeza ugonjwa wa pili. Mkikumbuka hilo tu katika maandishi haya, sijapoteza wino.

Redio za siku zile zilitumia valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama taa ndogo. Valvu ikifa, unaivuta na kuchomeka nyingine, na mteja anakuona mganga. Sehemu ngumu ilikuwa sanduku. Mbao zilibanduka kwa joto na mvuke wa ziwa, na mimi kwa mbao ni bure kabisa. Ndiyo maana Velji akamwajiri Nashon Makokha.

Makokha alitoka Port Victoria, kwa Wanyala, ambako baba yake na babu yake walijenga mashua za uvuvi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye vidole virefu ambavyo havikutulia. Hata akila, kidole kimoja kilikuwa kinapita juu ya meza kutafuta mahali randa ilikosea. Mimi Mjaluo, yeye Mnyala, basi tulizungumza Kiswahili, kile cha Kisumu, ambacho mtu wa Mombasa akikisikia huomba kiti akae. Tulikuwa rika moja. Tulipanga vyumba jirani huko Kaloleni, tukala sufuria moja, na kwa kuwa hatukuwa na ndugu mjini, tukawa ndugu.

Sasa niwaeleze kuhusu ndege.

Bwana Velji alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe, Mama Kanta, alishindwa kuutibu. Alitengeneza ndege ndogo zisizo na injini, mabawa marefu kuliko mtu akinyoosha mikono, na kuzirusha kutoka ukingo wa kilima cha Riat juu ya mji. Mchana upepo hutoka ziwani, hupiga ubavu wa kilima na kupanda juu. Ndege ikitupwa pale ukingoni hukalia ule upepo kama mwewe, haianguki, huenda na kurudi mbele ya kilima mpaka mwenyewe achoke. Ndani ya tumbo lake mna redio ndogo ya kupokea. Chini, mwenyewe ameshika kisanduku cha kurushia mawimbi, na kwa vidole anageuza usukani wa mkia. Mwanzoni tulikuwa na kitufe kimoja tu: bonyeza mara moja inakata kulia, mara mbili inakata kushoto, na ukisahau ulikuwa umebonyeza mara ngapi, unakwenda kuokota vijiti. Baadaye kaka yake Velji alileta kutoka ng'ambo mtambo mzuri zaidi, wenye vipini viwili, mmoja wa kugeuza na mmoja wa kupanda na kushuka.

Watu waliopita na ng'ombe chini ya kilima waliamini kwamba Velji anachunguza madini. Wengine walisema anapeleleza mvua. Hakuna aliyeamini kwamba mtu mzima anacheza.

Mimi nilipewa kazi ya redio zile ndogo. Makokha alipewa mbao, na hapo ndipo Velji alipogundua amemwajiri nani. Mbao nyepesi za ndege zilitoka Ulaya kwa meli, na nusu zilifika zimevunjika. Siku moja Makokha alikuja dukani amebeba mzigo wa magogo meupe mabegani kana kwamba amebeba pamba.

"Hii mti inaota kwa maji," akasema. "Wajaluo wanaita orindi. Wavuvi wanaifunga kwa nyavu ielee. Nyumbani sisi tulikuwa tunalalia tukiogelea."

Velji akachukua kipande, akakipima kwa kiganja, akakipinda, akakinusa. "Atavunjika."

"Peke yake itavunjika. Nikiiwekea mbavu kama mashua haivunjiki."

Akaliunda bawa kama ubavu wa mashua, mbavu nyembamba za orindi zilizokatwa kwa wembe, na uti mmoja wa mti mgumu kupita katikati. Mama Kanta akatoa sari ya zamani ya hariri, tukaitandaza juu ya mbavu zile na kuipaka dawa mpaka ikakaza kama ngoma. Velji aliliweka bawa lile kati ya viti viwili, akalikandamiza kwa mkono, akalitazama likirudi. Kutoka siku ile hakuagiza tena mbao Ulaya.

Kwa miaka kadhaa Jumapili zetu zilikwenda hivyo. Makokha alitoka kanisani, mimi nilitoka kitandani, Velji akatuchukua kwa pikapu yake hadi mahali njia inapoishia, kisha tunapanda kwa miguu. Makokha hakupenda sana kurusha. Alirusha, alijua, lakini akishamaliza zamu yake alikaa kwenye jiwe akatazama mabawa yanavyopinda hewani. Nikimuuliza anatafuta nini husema, "Nasoma makosa."

Nilidhani atazeeka akisoma makosa.

Mara ya kwanza alisimama katikati ya mteremko akasema anatazama ziwa. Ziwa lilikuwa zuri, sikushangaa. Jumapili iliyofuata alitazama ziwa tena, mahali pa chini zaidi. Baadaye akawa anatazama ziwa kabla hata hatujafika mahali ambapo linaonekana.

"Makokha, una nini?"

"Pumzi imekuwa fupi. Itakuwa vumbi ya mbao."

Tukamfunga kitambaa puani akiwa kazini. Velji akahamishia benchi lake mlangoni kwenye hewa. Haikusaidia. Halafu asubuhi moja nilimkuta ameketi kitandani, viatu mkononi, akiitazama miguu yake. Ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Alikuwa hajalala. Alisema akilala chali ni kama mtu amemkalia kifuani, basi ameshinda usiku ameegemea ukuta.

Tulimpeleka hospitali ya serikali. Daktari alimpima kwa muda mrefu, akatuita mimi na Velji pembeni, kisha akafikiri upya, akaturudisha kwa mgonjwa ili asikie mwenyewe. Alisema Makokha aliugua homa ya viungo utotoni, na homa ile iliuma moyo kimyakimya. Sasa valvu moja ya moyo haifungi. Damu inakwenda mbele na kurudi nyuma.

Makokha alisikiliza. Kisha akanigeukia mimi.

"Onyango, si ninyi mnabadilisha hizo kila siku pale dukani?"

Daktari hakuelewa. Velji alielewa, akageuka akatazama dirishani. Nilijaribu kucheka kwa sababu yeye alikuwa anacheka, nikashindwa. Daktari akasema dawa zipo za kutoa maji mwilini na kuupumzisha moyo, ila dawa ya valvu yenyewe hapa hatuna. Velji akauliza kama Nairobi wanayo. Akasema hapana. Akauliza Bombay. Daktari akasema labda London, wanajaribu, na wengi hawaamki.

Velji aliandika kwa kaka yake. Majibu yalikawia, na yalipokuja yalikuwa ya upole na hayakuwa na kitu.

Haya yote yalitokea mwaka ambao tulikuwa tunatayarisha mkutano mkubwa. Warushaji wa Nairobi walikuwa wamekubali kuja, na wazungu wawili wa mashamba ya chai ya Kericho, na daktari wa meno kutoka Eldoret aliyekuwa na ndege yenye rangi ya yai. Wote waje Riat warushe pamoja, kwa mara ya kwanza. Makokha alikuwa ameanza ndege mpya kwa ajili ya siku hiyo, yenye bawa refu na jembamba kuliko zote alizowahi kuunda. Ilikuwa bado mifupa kwenye benchi.

Nilipokwenda kumwona wodini hakuniuliza habari za nyumbani.

"Mbavu za bawa la kushoto ziko wapi?"

"Ziko kwenye sanduku."

"Zilete. Na wembe."

Sista wa wodi alikuwa mama wa Maseno, mkali, gauni lake limepigwa pasi hadi linalia. Alipoona vipande vya mbao juu ya shuka alisimama pale na mikono kiunoni.

"Baba, hapa ni hospitali au kwa seremala?"

"Sista, mimi sisikii uchungu nikikata."

"Na mimi nitafagia?"

"Nitafagia," nikasema.

Akatuangalia mmoja mmoja. Akasema wodini haiwezekani, lakini barazani kuna kiti, na huko upepo unafagia wenyewe. Kuanzia hapo kila jioni nikifunga duka nilimkuta barazani, blanketi miguuni, anakata mbavu. Vidole vyake vilikuwa vilevile. Kila kitu kingine kilikuwa kinapungua: mashavu, sauti, shingo. Aliunganisha bawa la kulia mwenyewe. La kushoto alichoka nalo katikati, akanifundisha mimi kulimalizia, na ninyi mnaonijua mnajua jinsi alivyoteseka.

"Usibane sana. Orindi haipendi kubanwa."

"Hivi?"

"Sasa umeiachia kabisa. Onyango, unashika kama redio."

Dukani mimi na Velji tulitayarisha yaliyobaki. Niliunganisha kipokezi, nikakivika sponji kisipigwe na mshtuko, nikapitisha nyuzi hadi mkiani. Tulichaji betri na kuzimaliza na kuzichaji tena, kwa sababu betri mpya hudanganya. Tuliipima ndege kwa kuishika juu ya ncha za vidole chini ya mabawa, tukiongeza vipande vya risasi, ile metali nzito, puani mwake kidogo kidogo mpaka ikasimama sawa bila kuinama. Kisha tuliwasha mitambo, Velji akabaki na ndege mlangoni, mimi nikatembea na kisanduku kuelekea bandarini nikigeuza usukani, hadi aliponipungia kitambaa kwamba mawimbi hayafiki tena. Wapagazi walinisalimia kwa heshima kubwa, nadhani waliniona wa polisi.

Jambo moja zaidi lilihitaji akili. Mitambo miwili ikitumia wimbi moja kwa wakati mmoja, ndege moja husikia mabwana wawili na kufa. Basi Mama Kanta alipaka rangi vibanio vya nguo, kila wimbi na rangi yake, vikaning'inizwa kwenye kamba. Asiyeshika kibanio cha rangi yake haruhusiwi kuwasha, awe mzungu au nani. Fanyeni kazi na mawimbi hivyohivyo hata leo, kila mtu na zamu yake.

Makokha alisema atakuja. Daktari alisema hawezi kupanda hata ngazi. Makokha akasema hajaomba kupanda, ameomba kuja. Walibishana siku kadhaa. Mwisho Sista yule alimwambia daktari, mbele yangu, "Daktari, ukimzuia atakuwa salama wa nini?" Ikakubalika aletwe mchana mmoja, akae chini ya kilima, upande wa Kisian, na mtu mzima akae naye asimwache.

Nilidhani mtu huyo ni mimi. Velji alikataa.

"Wewe utarusha ndege yake."

"Bwana, mkutano ni wako. Watu wanatoka Nairobi kukuona wewe."

"Wananijua sura," akasema. "Mimi nitakaa na Makokha."

Alikuwa ameungoja mkutano ule tangu nimjue. Alikuwa na ndege yake mpya, nyekundu, imesuguliwa hadi inang'aa. Siku ile haikutoka kwenye kitambaa chake, wala hatukulizungumza tena.

Siku yenyewe ilikuwa na mawingu asubuhi, ziwa limelala kama bati. Juu ya Riat tulikuwa watu kumi na kitu na wake zao na chakula, na hapakuwa na upepo. Wageni walipanga ndege zao majanini, wakazungumza Kiingereza cha hali ya hewa. Mimi nilisimama ukingoni. Chini kabisa, kando ya barabara, niliona pikapu ndogo kama kiberiti, na kando yake kiti. Kwenye kiti palikuwa na doa jeupe. Lilikuwa blanketi la hospitali.

Mchana ukaingia, hakuna upepo. Nilijua muda wake umehesabiwa, na kwamba akirudishwa bila kuona hatapewa ruhusa nyingine. Niliongea na ziwa lile kwa maneno ambayo sitayaandika. Kisha majani ya mbele yakainama, yakainuka, yakainama na kubaki hivyo. Daktari wa meno alirusha kwanza, ndege yake ya yai ikapanda taratibu. Wale wa Kericho wakafuata. Nilichukua kibanio cha bluu, nikawasha, nikageuza usukani kushoto na kulia kuhakikisha. Mmoja wa wageni wa Nairobi aliishika ndege ya Makokha juu ya kichwa chake.

"Nani ameunda hii?" akauliza.

"Yuko pale chini."

Akatazama, akakiona kiti. Alikimbia hatua chache, akaisukuma ukingoni.

Ilizama. Kwa kipande cha pumzi niliona mgongo wake tu ukienda chini, mweupe, na mikono yangu ikawa ya mtu mwingine. Halafu upepo ukaipokea. Ilipanda bila haraka, bila kutikisika, ikazipita zile nyingine zote, mpaka wageni wakaacha kuzungumza. Niliipeleka Kisian na kuirudisha. Kisha nilifanya jambo ambalo warushaji wa mlimani hawafanyi: niliisogeza mbele, mbali na kilima ambako upepo ni haba, mpaka ikawa juu ya barabara, juu ya kiti, na nikaizungusha pale polepole. Kila mzunguko ilishuka kidogo. Nilihesabu moyoni kiasi gani naweza kupoteza na bado irudi. Nilipoona imebaki kidogo nikaigeuza, ikarudi ikikwaruza hewa ya mwisho, ikatua majanini karibu na miguu yangu bila kuvunjika hata unywele.

Niliteremka nikikimbia. Velji alikuwa ameketi chini kwenye vumbi kando ya kiti, suruali yake nyeupe haina tena rangi. Makokha alikuwa amefumba macho. Nilipofika aliyafumbua.

"Bawa la kushoto limepinda," akasema. "Kwa nyuma, karibu na ncha."

"Hilo nilimalizia mimi."

"Najua."

"Lakini iliruka, ndugu yangu."

"Iliruka." Alipumzika kutafuta pumzi. "Onyango, miaka yote mimi nasimama huko juu. Naona mgongo tu. Leo ndiyo nimeona tumbo. Jua lilipita kwa ile sari, nikahesabu mbavu zangu zote."

Velji aliinuka akaenda upande wa pili wa gari, akakaa huko muda, akikagua gurudumu lisilo na tatizo.

Jumatano nilipeleka bawa hospitalini kwa sababu Makokha alilitaka. Sista alituletea birika la maji yanayochemka barazani bila kuulizwa. Tulilishika bawa juu ya mvuke, yeye upande mmoja na mimi upande mmoja, akaniambia nilikunje kinyume na kosa, zaidi kidogo ya inavyotakiwa, kisha nisubiri lipoe. Mikono yake ilichoka, akaiondoa, akaniachia. Nilipoliinua na kulitazama kutoka nchani lilikuwa limenyooka. Alilitazama pia, akatikisa kichwa kukubali, akaomba arudishwe kitandani.

Alikufa kabla ya Jumapili, alfajiri, ameegemea mito. Sista ndiye aliyekuja mwenyewe hadi dukani kutuambia. Velji alishusha mlango wa duka siku ya kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Tulimpeleka Port Victoria kwa pikapu ileile, mimi nyuma na jeneza. Lilikuwa jeneza la kununua mjini. Kifuniko hakikukaa sawa upande mmoja, na njia yote niliweka kiganja changu pale penye mwanya, kwa sababu nilijua Makokha angelirudisha kwa fundi wake. Mazishi yalikuwa makubwa. Walinipa nafasi ya kusema, nikasimama, nikasema alikuwa mwenzangu, nikakaa.

Niliendelea na kazi, maana redio haziachi kuharibika. Mkutano wa Riat ulirudiwa mwaka uliofuata na watu wachache, halafu basi. Miaka michache baadaye Velji na Mama Kanta walihamia kwa kaka yake Velji huko Uingereza, kama wengi wa jamaa zao wa mtaa ule. Aliniachia benchi, mita, na chuma chake cha kulehemu. Kwenye stesheni ya gari moshi alinishika mkono kwa mikono miwili akasema, "Sikia kwanza." Hakumalizia. Aliniandikia mpaka alipofariki. Ndege za Makokha zilikuwa zimebaki kwangu, zimening'inia darini. Niliamini nimezihifadhi. Lakini orindi ni mti wa maji, na ukikaa pakavu dumuzi, mdudu mla mbao, huupenda. Niliposhusha ile ndefu niipanguse vumbi, ilikuwa sari tupu na unga.

Muda mrefu baadaye, tranzista zilipokuwa zimekwisha kuingia kila mahali, niliitwa Port Victoria kutengeneza redio ya wachuuzi wa samaki. Nilipomaliza nikaenda kumsalimu mama yake Makokha. Alikuwa amezeeka, macho yake yana ukungu, lakini sauti yangu aliikumbuka. Alinipa kiti kwenye kivuli cha nyumba, akanipa uji. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alikitafuta neno kwa neno.

"Wewe ulifanya kazi na Nashon."

"Ndiyo, Mama."

"Aliniambia anatengeneza ndege. Watu hapa wote wanajua. Mtoto wa Makokha anatengeneza ndege Kisumu."

Nilitaka kueleza, nikakosa pa kuanzia. Akanitangulia.

"Zilikuwa zinabeba watu wangapi?"

Niliweka kikombe chini. Kulikuwa na jibu ambalo lingempendeza, na nililifikiria. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yale ya ukungu kana kwamba ameningoja kwa swali hilo tangu siku ya mazishi.

"Hazikubeba mtu, Mama. Zilikuwa ndogo hivi." Nikanyoosha mikono, kisha nikakumbuka haoni vizuri, nikamshika mikono yake na kuinyoosha. "Ziliruka peke yake, juu ya kilima. Sisi tulikuwa chini tunazitazama."

"Hata mtu mmoja?"

"Hata mmoja."

Mikono yake ilikuwa bado imenyooka, sikujua kama nimemvunjia kitu.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyeanguka," akasema.

"Hakuna, Mama."

"Nikisikia ndege inapita huko juu, silali. Nasema, labda hii ni ya Nashon. Labda kuna mahali hakukaza vizuri, alikuwa mgonjwa. Nasema siku moja watu watakuja hapa kuniuliza."

"Hawatakuja, Mama. Alikaza vizuri."

Akateremsha mikono polepole, akaikunja juu ya mapaja. Kisha akageuza uso upande wa kaburi la Nashon, akamwambia kitu kwa Kinyala, maneno machache, kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto alale sasa. Sikuuliza maana yake. Nilimaliza uji, na tukakaa.